Mrija, Kifuko na Safari ya Majeruhi

Mwishoni mwa Desemba 2020 wapiganaji walivamia Mute, kijiji cha wilaya ya Palma kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ulishambuliwa, na watu wakakimbilia Pemba, mji mkuu wa mkoa huo, kwa mashua, meli na ndege ndogo. Katika safari kama hiyo, majeruhi aliyepoteza fahamu anaweza kufa kabla jeraha lake halijamuua: ulimi hulegea, ukaangukia nyuma na kuziba koo. Dakika chache zinatosha.

Namna za kuzuia kifo hicho zina historia ndefu, na sehemu yake imepita huku kwetu.

Mwaka 1878, huko Glasgow, daktari wa upasuaji William Macewen alimpitishia mgonjwa mrija mdomoni hadi kwenye njia ya hewa akitumia vidole tu, kabla ya upasuaji. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoufanya mrija uwe wa lazima. Katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, Harold Gillies alikuwa akiwajenga upya askari waliopasuliwa nyuso kwa risasi na vyuma, na barakoa ya dawa ya usingizi ilifunika palepale alipotaka kushona. Madaktari wa usingizi Ivan Magill na Stanley Rowbotham wakapitisha mrija puani au mdomoni, daktari akaachiwa uso mzima.

Gillies alimfundisha kazi jamaa yake, Archibald McIndoe, aliyekuja kupata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua. McIndoe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao ya Nairobi, ambayo leo ni AMREF. Kwa hiyo ukoo wa Sidcup ulifika mpaka kwenye viwanja vya ndege vya nyasi vya Afrika Mashariki.

Chombo cha kuonea koo wakati wa kupitisha mrija nacho kilikuwa kimebadilika. Mwaka 1943 Robert Macintosh wa Oxford alitoa ubapa uliopinda. Mtoa huduma huushika kwa mkono wa kushoto, akausukuma ulimi pembeni, akaingiza ncha kwenye kibonde kilicho kati ya shina la ulimi na kidakatonge, kisha akainua kuelekea mbele na juu, bila kuyafanya meno egemeo. Nyuzi za sauti zikionekana, mrija hupita katikati yake. Zisipoonekana, mrija huweza kuingia njia ya chakula, tumbo likajaa hewa na mgonjwa akafa huku watu wakidhani anapumua.

Ndiyo sababu kifuko cha kupumulishia kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Katika mlipuko wa polio wa Copenhagen mwaka 1952, wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana kubana vifuko kwa mikono ili wagonjwa waendelee kupumua. Mwaka 1956 Holger Hesse na Henning Ruben wakatoa kifuko kinachojijaza chenyewe, kisichohitaji mtungi wa oksijeni ndipo kifanye kazi. Miaka ya 1980 Archie Brain akaongeza barakoa ya kukaa juu ya zoloto, ambayo huingizwa bila kulitazama koo.

Njia ipi basi inafaa barabarani? Mwaka 2000 utafiti wa Los Angeles na jirani yake Orange, kwa watoto 830, haukuona kwamba mrija uliokoa wengi kuliko kifuko. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 9,000 ambao moyo ulisimama nje ya hospitali haukuona tofauti ya maana kati ya mrija na kifaa cha kukaa juu ya zoloto. Huko wahudumu wana ambulensi, wasaidizi na mazoezi. Msumbiji, ambayo tangu 1984 imewafundisha upasuaji matabibu wasio madaktari, inajua vyema kuwa ufundi hukaa kwa anayeurudia kila wiki. Mhudumu wa kijiji cha wilaya ya Palma anayeuona mrija mara moja kwa mwaka afundishwe kwanza kusukuma taya mbele, kubana barakoa usoni pasivuje hewa, na kubana kifuko taratibu mpaka kifua kiinuke.