Nani anaipima geji ya ombwe?

Madereva wa malori ya mafuta wanaijua Misugusugu, jirani na Visiga, Kibaha. Ndipo Wakala wa Vipimo wanapohakiki matangi kwa kuyajaza maji yaliyopimwa. Lita ni lita, ubishi unaishia hapo. Sasa ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa, utalijaza nini ulipime?

Swali si la mbali. Kibaha hiyohiyo ipo taasisi ya chanjo ya Wakala ya Maabara ya Veterinari, na chanjo nyingi za mifugo duniani hukaushwa zikiwa barafu ndani ya ombwe. Chini ya paskali 611 hivi, barafu haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja. Geji ikidanganya, chanjo inaweza kuharibika na mfugaji asijue mpaka ng'ombe waanze kuugua.

Geji nyingi za viwandani ni wajukuu wa ile ya Marcello Pirani ya mwaka 1906: waya wa moto hupoa haraka hewa ikiwa nyingi, polepole ikiwa chache. Lakini waya haujui paskali, na kila gesi huupoza kivyake. Lazima ufundishwe na geji nyingine.

Mwalimu kwa miaka mingi alikuwa geji ya Herbert McLeod, ya 1874. Unanasa hewa hafifu ya ujazo unaoujua, unaibana kwa zebaki ndani ya mrija mwembamba, unasoma urefu wa zebaki. Hesabu iliyobaki ni kanuni ya Boyle. Haihitaji geji nyingine, ndiyo maana ikaitwa kipimo cha msingi.

Kumbe nayo ilidanganya! Ili mvuke wa zebaki usiingie kwenye mtambo, watu waliweka mtego wa baridi kali katikati. Mvuke ukawa unatiririka kutoka kwenye geji kwenda mtegoni, ukiisukuma nyuma gesi iliyotakiwa kupimwa. Gaede aliliona hilo mwaka 1915, lakini wengi hawakulijali hadi Wajapani Ishii na Nakayama walipolipima mwanzoni mwa miaka ya 1960. Geji ilisoma pungufu, hasa kwa gesi nzito, na kila geji iliyofundishwa nayo ilirithi kosa. Hii ndiyo inayonitisha: kosa la mwanafunzi utaligundua, la mwalimu utalikariri.

Siku hizi maabara kubwa hufungulia gesi ya kiasi kinachojulikana kutoka chombo kidogo kwenda kikubwa. Uwiano wa ujazo unatoa jibu. Na ujazo wenyewe? Baadhi yao hukijaza chombo maji, wakakiweka kwenye mizani.