Cheni Katika Njia ya Wapagazi

Fundi mzoefu wa Isevya akiletewa Honda CG 125 ya miaka ya 1980 inayovuta kwa kushtukashtuka, hakimbilii spana. Huisimamisha kwa stendi kubwa, huitoa gia, huvua kifuniko cha cheni kama bado kipo, kisha huzungusha gurudumu la nyuma taratibu huku kidole kikiinua cheni kwa chini. Mahali fulani imebana kabisa. Gurudumu likienda mbele kidogo, inaning'inia.

Isevya ni kata ya mji wa Tabora, na Tabora ni mji uliozaliwa na mzigo. Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857, mji ukiitwa Kaze, ulikuwa tayari kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi begani, na safari ya kutoka pwani ilikula miezi mitatu au zaidi. Katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa shingoni wakauzwe. Neno mnyororo lina historia nzito hapa.

Kwa nini mabega ya watu, wala si magari? Wamisionari wa London walijaribu mwaka 1877: walitoka Saadani na mikokoteni ya kukokotwa na maksai, kama ile iliyofanya kazi Afrika Kusini. Mbung'o wakawamaliza wale maksai. Chombo kilikuwa kizuri, ila kilibuniwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kuwaondolea wapagazi kazi ya masafa marefu. Haikufika vijijini. Asali ya porini na tumbaku ziliendelea kuhitaji njia ya kufika mjini, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki.

Hapo ndipo CG inapostahili heshima yake. Honda walikuwa wameona jinsi pikipiki zao zilivyotumika katika nchi maskini: mizigo kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, vumbi kila mahali. CB 125 yao ilikuwa na cheni ndani ya injini, ya kuzungusha kemshafti iliyokaa juu kwenye silinda hedi. Cheni ya namna hiyo ikilegea, vali huchelewa kufunguka na injini huanza kuchakacha. Tenshena ikichoka, fundi lazima afungue injini. Kwa hiyo CG iliyotoka mwaka 1976 haikuwa na cheni hiyo kabisa. Kemshafti ilishushwa chini, ikazungushwa kwa gia, na vali zikasukumwa kwa vijiti virefu. Wajuzi wa wakati ule wangeweza kuuita muundo wa kizamani. Kwa barabara za Tabora ulikuwa uamuzi wa busara sana, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia nchini baada ya mwaka 2000 zimeurithi.

Ikabaki cheni moja tu, ya nje. Hata hiyo Honda waliifunika yote dhidi ya mchanga, lakini vifuniko vingi vilivuliwa zamani na havikurudi.

Basi fundi hupiga alama ya chaki kwenye cheni na nyingine kwenye sproketi ya nyuma, kisha huzungusha tena. Pale panapobana pakirudi kila gurudumu linapomaliza raundi moja, kosa liko kwenye sproketi: haikai katikati, au raba za ndani ya habu zimekufa. Pakirudi baada ya raundi mbili na nusu hivi, na chaki ya cheni ikiwa mahali palepale, basi ni cheni yenyewe: baadhi ya pini zimeshika kutu, nyingine zimelika. Cheni ni ndefu kuliko mzingo wa sproketi, na tofauti hiyo ndiyo inayomwonyesha mwenye kosa. Kipimo cha mwisho ni rula. Cheni mpya ya pikipiki hii, ikinyooshwa, ina inchi 10 kamili katika nafasi 20 za pini hadi pini, yaani milimita 254. Ikizidi kwa milimita tano, imekwisha.

Hapa mteja na fundi huvutana. Mteja huona ile sehemu inayoning'inia, anataka ikazwe. Fundi hupima pale palipobana zaidi na kuacha mchezo wa sentimita mbili hapo, hata kama kwingine cheni itaonekana imelegea mno. Akiikaza kwa macho ya mteja, kila mzunguko utavuta shafti ya giaboksi, na beringi zitaanza kulia kabla msimu wa tumbaku haujaisha.

Cheni ikikutwa imekwisha, hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyochongoka huila cheni mpya ndani ya muda mfupi. Mwenye pikipiki akikosa fedha ya seti nzima, fundi hulegeza pini zilizoshika kwa oili, huirudisha cheni ileile, na gunia la mkaa hufungwa tena nyuma ya kiti.