Neno na Maana Yake: Singo haimwagwi majini

Siku hizi maduka ya vipodozi yanaita "singo ya kuogea" kila kinachotiwa kwenye maji ya kuoga: chumvi, mafuta, hata unga wa povu. Neno linaonewa. Singo inatokana na kusinga, yaani kuusugua mwili kwa vitu vya kunukia. Zanzibar bibi harusi husingwa kabla ya harusi kwa mchanganyiko wa asumini, mawaridi, langilangi na karafuu, ukalowanishwa kwa marashi. Kazi yake ni kwenye ngozi. Maji huja baadaye, ya kusuuza.

Liwa nayo si singo. Huo ni mti wa kunukia, husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka upatikane uji mzito wa kupaka. Marashi ndiyo hasa yanayofaa kutiwa kwenye ndoo. Asili yake ni Kiarabu, kitenzi cha kunyunyizia, na ndiyo maana chupa yake yenye shingo ndefu tunaiita mrashi. Wanaoita marashi kila manukato ya chupa wanaipunguzia lugha yetu utajiri.

Chumvi basi iitwe chumvi ya kuogea. Ile iliyopewa jina la mji wa Epsom, Uingereza, Kiswahili kinayo tangu zamani: chumvi ya haluli, kwa sababu watu waliinywa kusafisha tumbo. Muuzaji na aandike hivyo kwenye pakiti, na mafuta ayaite mafuta.