Mufwankolo

Mufwankolo ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, mwigizaji wa Lubumbashi aliyeongoza kundi lililobeba jina hilo. Umaarufu wake ulitokana na jukwaa, redio na televisheni. Kundi liliigiza kwa Kiswahili cha Shaba (jina la Katanga kati ya 1971 na 1997), kile kile kinachosemwa katika miji ya migodi, Lubumbashi, Likasi hadi Kolwezi. Ndiyo siri ya kupendwa kwa kundi hilo: mtazamaji alisikia maneno ya mtaani kwake, yaliyochanganyika na Kifaransa bila kusafishwa.

Kundi halikukariri maandishi. Waigizaji walikaa pamoja, wakajadili kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajitungia maneno papo hapo.

Kazi yao iliyoandikwa kwa kina zaidi ni "Le pouvoir se mange entier" ya mwaka 1986. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliuliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Waigizaji, badala ya kumjibu kwa maelezo, waliutungia mchezo juu ya mtemi na wanakijiji wake, ukarekodiwa kwa televisheni katika kijiji cha Kawama. Fabian alinasa mazoezi ya mchezo huo na kuyachambua katika kitabu alichochapisha 1990. Kwa hiyo mazungumzo yaliyobuniwa papo hapo, ambayo kwa kawaida hupotea jioni ile ile, yamebaki kusomwa kwa Kiswahili chake chenyewe.