Ifakara na Mto Wake

Msafiri atokaye Mikumi akishika njia ya kusini huiacha milima ya Udzungwa mkono wa kuume, kisha huingia katika bonde pana lenye mashamba ya mpunga. Humo umo mji wa Ifakara, katika mkoa wa Morogoro, karibu na mto Kilombero. Twapenda kuzieleza habari za mji huu, kwa kuwa zina fundisho kwa kila mji uliojengwa penye mto.

Bonde hilo liko kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Wakati wa masika mito mingi hushuka kutoka milimani, Kilombero hufurika, na nchi tambarare huwa kama ziwa. Maji yakipungua huacha udongo wenye rutuba. Wandamba, watu wa mto huo tangu zamani, walizijua desturi zake: walilima mpunga, wakavua samaki, wakasafiri kwa mitumbwi. Katika karne ya 19 wakaja Wambunga, ambao asili yao ni katika Wangoni, wakakaa pande za Ifakara. Mto ukawalisha wote.

Mwaka wa 1905 vikatokea Vita vya Maji Maji. Watu waliambiwa ya kuwa dawa ya maji itazigeuza risasi za Wadachi ziwe maji. Tarehe 30 Agosti Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge, ng'ambo ya mto. Bunduki zilizopiga mfululizo zikawaua wengi mno. Baadaye Wadachi waliteketeza vijiji na vyakula, na njaa ikaingia hata katika nchi iliyozoea kushiba. Wazee wetu hawakukosa moyo. Walikosa silaha, nao waliamini dawa isiyowafaa.

Adui mwingine alikuwa mdogo kuliko punje ya mpunga, naye ni mbu. Penye maji mengi pana homa ya malaria, na watoto wengi walikufa. Mwaka wa 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa Basel katika Uswisi, alifika Ifakara kuchunguza magonjwa, na mwaka wa 1957 ikafunguliwa maabara. Katika miaka ya mwisho ya 1990 vyandarua vilivyotiwa dawa viliuzwa vijijini kwa jina la Zuia Mbu. Wachunguzi walipohesabu, waliona ya kuwa kwa watoto wa chini ya miaka minne waliovitumia, kuokoka kuliongezeka kwa 27 katika kila 100. Safari hii dawa ilipimwa kwanza, ndipo ikasifiwa.

Reli ya TAZARA ilipita Ifakara katika miaka ya 1970, walakini mwenye kwenda Mahenge alivuka mto kwa pantoni. Usiku mmoja wa Januari 2016 upepo na mvua vikakipindua kivuko, na watu wakafa maji. Wakati huo daraja lilikuwa likijengwa. Lilifunguliwa mwaka wa 2018, na urefu wake ni mita 384. Sasa mgonjwa wa Mahenge huvuka usiku bila kungoja.

Je, kazi imekwisha? Hasha. Njia nzuri huleta walimaji wengi, na mifugo mingi. Tangu mwaka wa 2002 bonde hilo limeandikwa katika Mapatano ya Ramsar kuwa ardhi oevu ya kulindwa. Lakini maandishi peke yake hayazuii shoka. Miti ya milimani ikikatwa, mchanga utashuka na kuijaza mito, na mafuriko yaliyokuwa yakileta rutuba yataleta hasara.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Watu wa Ifakara waliyafikia maji yao kwa vita, kwa homa na kwa misiba ya kivukoni. Basi sisi tukaao kando ya mito yetu tuwaulize wazee kabla hawajatutoka: mto huu hufurika lini, huacha nini, na ulichukua nani? Kisha tuwafundishe watoto majibu hayo, wapate kujua mahali pa kulima na mahali pa kuuachia mto nafasi yake.