Nyayo Tano za Laetoli Zilizodhaniwa za Dubu

Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai wilayani Ngorongoro, kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Zilikuwa takriban 70, zimefuatana kwa mita 27 hivi. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine badala ya kuchomoza pembeni kama cha sokwe.

Volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua nyepesi ikayalowesha. Tembo, swala na ndege wakapita juu yake, na zamadamu, yaani viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, nao wakapita. Majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, kisha mengine yakayafunika.

Kwa nyayo hizo ubishi mmoja mkubwa ukapungua: kipi kilitangulia, ubongo mkubwa au kutembea wima? Hata zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana, za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3, changa kuliko nyayo hizo. Miguu ilitangulia.

Wengi wanaamini wapitaji hao walikuwa Australopithecus afarensis, spishi ya Lucy, zamadamu mashuhuri ambaye mifupa yake ilipatikana Ethiopia. Hata taya lililofanywa kielelezo rasmi cha spishi hiyo lilitoka Laetoli.

Kitendawili kilibaki kwenye nyayo nyingine tano, zilizoonekana mapema zaidi, mwaka 1976, mahali panapoitwa Eneo A. Zilikuwa fupi na pana, na mguu mmoja ulikanyaga ukivuka mbele ya mwenzake. Miaka ya 1980 mtafiti Russell Tuttle alisema huenda ni za dubu aliyesimama wima. Zikaachwa, udongo ukazifukia.

Mwaka 2019 zilifukuliwa upya na timu iliyomjumuisha Mtanzania Charles Musiba. Wenzake waliwachunguza dubu weusi wa Marekani, wakakuta ni nadra mno kwa mnyama huyo kutembea wima. Akifanya hivyo, huyumba huku miguu imeachana. Tena, miongoni mwa maelfu ya mabaki ya wanyama wa Laetoli, hakuna hata mfupa mmoja wa dubu.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 2021: nyayo hizo ni za zamadamu, lakini si wa aina ile iliyoacha nyayo zilizofukuliwa mwaka 1978. Kwa mujibu wa watafiti hao, angalau aina mbili zilitembea wima Laetoli katika kipindi kimoja. Huyo wa pili hawakumpa jina la spishi.