Mvua ya Rungwe ilitangulia wamisionari

Mwaka 1891 misafara miwili ya wamisionari kutoka Ujerumani ilifika katika nchi ya Wanyakyusa, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mmoja ulikuwa wa Misioni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky. Mwingine, wa Wamoraviani, uliongozwa na Theodor Meyer na kujenga kituo Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo. Historia ya Ukristo wa Mbeya na Iringa mara nyingi huanzia katika miaka hiyo, kana kwamba kabla yake Mungu hakuwa na lolote la kuwaambia watu wa Nyanda za Juu Kusini. Mkristo aisomaye vizuri Biblia yake hawezi kukubali mwanzo huo. Katika sura ya 14 ya Matendo ya Mitume, watu wa Listra wanawadhania Paulo na Barnaba kuwa miungu, na kuhani wa Zeu analeta ng'ombe ili awatolee dhabihu. Paulo anawazuia, lakini hawaambii kwamba Mungu ndiyo kwanza anaingia mjini mwao. Anawaeleza kuwa mvua iliyowanyeshea na mavuno yaliyowashibisha vilikuwa vikimshuhudia Mungu siku zote.

Rungwe ushahidi huo ulikuwa tele. Upepo wenye unyevu unaovuka ziwa hugonga milima, hupanda, hupoa na kuangusha mvua; baadhi ya miteremko hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo umetokana na volkano, na migomba hustawi hadi mlangoni mwa nyumba. Watu walioishi ndani ya neema hiyo walijua haikutoka mikononi mwao. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza habari za Lwembe wa Lubaga, mtu aliyeaminiwa kushika mvua na rutuba ya nchi. Alipougua sana hakuachwa afe kifo cha kawaida, na nywele na kucha zake zilichukuliwa angali hai ili rutuba isishuke naye kaburini. Desturi hiyo inatisha, na Injili haiwezi kuibariki. Hata hivyo ndani yake mna jambo la kweli: shibe ni zawadi, na uhai wa nchi nzima hutegemea kitu ambacho mwanadamu hakukitengeneza. Kosa lilikuwa kumpa mwanadamu heshima ya Mtoaji, kosa lilelile la Listra.

Okot p'Bitek wa Uganda angelipinga hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 aliwashutumu wanazuoni, John Mbiti wa Kenya akiwamo, kwa kuibebesha miungu ya Kiafrika sifa za Mungu wa falsafa ya Kigiriki. Unyakyusa unaipa nguvu hoja yake, kwa kuwa Monica Wilson alieleza kwamba Kyala, jina ambalo Wakristo humwita Mungu Muumba, zamani lilikuwa la mmoja wa mashujaa wa kale, sawa na Lwembe. Nakubali ushahidi huo, ila haubomoi hoja ya Paulo, ambayo haikutegemea usahihi wa imani ya wasikilizaji wake. Wao walikuwa na Zeu. Shahidi alikuwa mvua yenyewe, wala si tafsiri ya aliyenyeshewa, na shahidi aweza kusema kweli mahakamani hakimu akakosea hukumu.

Swali gumu zaidi linatoka Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ambako mvua ni haba. Eneo hilo lilisifika kwa mahindi katika miaka ya 1950 na 1960, kisha udongo ukachoka kwa kulimwa mfululizo. Je, Mungu aliyesema Rungwe alinyamaza Isimani? Na kama upepo na milima vinatosha kueleza mvua, Muumba ni wa nini? Kujua njia ambayo mvua hupitia hakujibu kwa nini kuna upepo, maji na milima vinavyotii utaratibu. Udongo uliochoka nao unashuhudia, maana unatuonyesha mipaka ambayo hatukuiweka sisi. Lakini ukame hauwezi kumwambia mkulima kwamba Mungu anampenda. Hilo tunalijua kwa Kristo, na hapo uumbaji hufika mwisho wa ushahidi wake.

Mwanateolojia Karl Barth alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1934 alimjibu Emil Brunner kwa ukali, akikataa kabisa teolojia inayoanzia katika maumbile, wakati Wakristo wengi wa Ujerumani walidai kuyaona mapenzi ya Mungu katika damu na taifa lao. Hofu yake ilikuwa ya haki. Ila damu na taifa humsifu anayevisoma, ilhali mvua huwanyeshea wema na waovu bila kuuliza kabila wala dini. Hakuna awezaye kuimiliki, ndiyo maana Paulo aliitumia kuwatoa watu kwenye sanamu.

Kwa hiyo mkungu wa ndizi na debe la mahindi vinavyoletwa kanisani siku ya sadaka ya mavuno, kabla ya mnada kuanza, ni vya historia ndefu kuliko misioni. Wazee wa Unyakyusa walijua kwamba mtu hali chakula bila kuwa na deni la shukrani. Injili ikawaonyesha ni kwa nani. Kanisa linaloanza hesabu yake mwaka 1891 linawafundisha watoto kwamba Mungu aliletwa na wageni, na linajinyima sababu yake iliyo bora ya kutetea misitu na vyanzo vya maji. Kumkata shahidi ulimi ni dhambi, hata kama shahidi huyo ni msitu wa Mlima Rungwe.